Watu Elfu Kumi na Moja Walioitwa Mimi

Nchi yetu haijapata kumfukuza mgeni hata mmoja. Nalisema hili mwanzoni kabisa, kabla msomaji hajachoka, kwa sababu limeandikwa katika Katiba, nami ni mtu ninayeamini yaliyoandikwa. Mengine nimeyaandika mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mitano nilikuwa Karani Mkuu wa Mlango wa Taifa. Kabla ya hapo nilikuwa mchukuzi wa mizigo, mpaka nilipoingia ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima, nikajifunza kusoma, kuandika, hesabu za mafungu na sarufi. Sarufi ndiyo niliyoipenda zaidi. Nilipata alama tisini na sita kwa mia. Zile nne mwalimu alininyima kwa wivu.

Jina la nchi silitaji. Si kwa woga. Siku hizi kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa kupisha Wiki ya Uwazi.

Tulipopata bendera, Rais wa Kwanza alikwenda mpakani, akatazama nyasi za upande huu, akatazama za upande ule, akaona zinafanana. Jambo hilo lilimkera. "Ndugu wananchi," alisema, "nyumba isiyo na mlango ni njia." Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ndipo ukajengwa Mlango wa Taifa: mninga mtupu, umechongwa mananasi na minyororo, umepigwa misumari ya shaba, na una komeo la kuinuliwa na watu wawili. Ukuta ungefuata. Mpaka leo unafuata. Mlango umesimama peke yake katikati ya nyasi kama mtu aliyesahau alichojia, na mbuzi hupita kushoto na kulia kwake wakitafuna.

Watu, lakini, hawakupita pembeni. Wa kwetu na wa ng'ambo ya mpaka wote wamelelewa. Mtu mwenye adabu akiona mlango hupiga hodi, hata kama sebule nzima anaiona kwa ubavuni.

Sheria ya kwanza ya uhamiaji ilikuwa na kifungu kimoja tu: "Apigaye hodi ajibiwe karibu." Rais alisema nchi ni kubwa, watu ni wachache, na machimbo ya chokaa yanataka mikono. Chini yake palikuwa na kanuni moja kwa ajili yangu: karani amwulize mgeni "Nani?" kisha aandike jibu kama lilivyotamkwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Msomaji amekwisha kuelewa. Mimi wakati ule sikuelewa, maana kanuni ni kanuni.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi!"

"Karibu."

Nikaandika: Mimi. Akaja wa pili. "Hodi!" "Nani?" "Mimi!" Nikaandika: Mimi. Mwaka ulipokwisha, Daftari la Hodi lilikuwa na watu elfu tatu, na elfu mbili mia tisa kati yao waliitwa Mimi. Familia ziliandikwa Sisi. Mzee mmoja kiziwi aliandikwa Eeh. Bwana mmoja mkali aliyejibu, "Kwani wewe hunioni?" aliandikwa hivyo hivyo, na leo ukoo wa Hunioni una maduka makubwa ya vitambaa katika mji mkuu, na mtoto wao mmoja ni jaji.

Mkaguzi alipokuja kutoka makao makuu alifunua kurasa, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hili ndilo taifa lenye mshikamano," alisema. "Wageni wote jina moja! Na wewe, Bwana Kitwana, M zako zinasimama kama askari kwenye gwaride." Nikapewa cheti. Nilikitundika sebuleni, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kutokiona.

*

Mwaka wa pili, saa sita ya mchana wa kiangazi, alifika mwanamke kijana mwenye mkeka kwapani na mbuzi ya kukunia nazi kichwani.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

Nikaandika. Lakini sauti ile ilikuwa na kitu ndani yake, nikavunja kanuni kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, nikaongeza swali. "Mimi nani?"

"Mimi niliyechoka kusimama juani, na kivuli kiko hapo ubavuni mwako, na ukuta hakuna."

"Adabu, dada. Huu ni Mlango wa Taifa."

"Na wewe ndiye bawabu wake?"

"Karani Mkuu."

"Pole. Umeandika nini hapo, Karani Mkuu?"

"Mimi."

"Umejiandika mwenyewe?"

"Hapana. Nimekuandika wewe."

"Basi hapo pameandikwa Wewe?"

"Pameandikwa Mimi!"

Alicheka mpaka mbuzi ikadondoka kutoka kichwani mwake. Katika safu ya mali nikaandika: mkeka mmoja, mbuzi moja. Miezi mitatu baadaye nilimwoa. Jina lake la Somoe nililijua siku ya posa, kwa wajomba zake, kwa sababu katika kumbukumbu za Serikali alikuwa Mimi wa mstari wa 4,117.

Tumekaa miaka arobaini. Kila jioni nikirudi nyumbani nilipiga hodi, maana sipendi kuwashtua watu, naye aliuliza kutoka jikoni, "Nani?" Nikamjibu kama mtu aliyesoma: "Kitwana bin Mbaruku, Karani Mkuu." Alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria kwa kicheko. "Maskini mume wangu," alisema. "Dunia nzima ni mimi, isipokuwa wewe peke yako."

*

Rais wa Pili aliamka asubuhi moja, akachungulia dirishani, akaona mtu asiyemjua. Akatangaza kwamba nchi imejaa.

Waziri wa Mlango alikuwa Mheshimiwa Lukonge, mtu mnene wa sauti na wa mwili, ambaye msomaji amweke akilini kwa kuwa hatatoka. Yeye ndiye aliyeitunga sheria ya kwanza. Sasa aliishutumu kwa ujasiri mkubwa, akatunga ya pili: apigaye hodi ajibiwe "Subiri."

"Hatujamkataa mtu," alieleza Bungeni. "Tumechelewa tu kumkubali, na kuchelewa hakujawahi kuwa kosa katika nchi hii." Neno karibu likapigwa marufuku ndani ya mita mia moja kutoka Mlangoni. Wauza maandazi wakawa wanaita wateja kwa kupunga mikono, kama mabubu.

Wageni walisubiri. Walisubiri kwanza kwa miguu, kisha kwa makalio, kisha kwa kujenga. Upande wa pili wa Mlango ukaota mji unaoitwa Subiri. Una soko, msikiti, makanisa mawili yasiyosalimiana, na timu ya mpira inayoongoza ligi ambayo haijaanza. Watu wamezaliwa pale, wameoana pale, wamezikwa pale, na wote wako kwenye foleni. Wafu walibakiziwa nafasi zao mpaka mwaka wa sita, ilipotolewa taarifa kwamba warithi wao wanaweza kusogea mbele.

Rais wa Tatu alikuwa mtu wa safari. Alirudi akasema tumekuwa washamba, mgeni ni baraka, hasa akija kwa ndege. Uwanja wa ndege ukawekwa milango ya vioo inayojifungua yenyewe. Mheshimiwa Lukonge akailaani sheria ya pili, sasa kwa machozi, akatunga ya tatu: afunguliwaye mlango kabla hajabisha si mgeni, ni mshirika wa maendeleo, abishaye ndiye mgeni. Ilikuwa sheria nyepesi kufuata. Mtu mwenye mkoba wa magurudumu hakuulizwa nani. Mmoja wao alipewa machimbo yote ya chokaa, akayatazama kwa nusu saa, akashauri kwamba watu waliokuwa wakichimba humo ni wengi mno.

Palijaribiwa kuwekwa kioo hata kwetu Mlangoni, lakini hakukuwa na umeme. Mkandarasi alisema umeme utakuja pamoja na ukuta.

Hapo nikastaafu. Nilimkabidhi kalamu kijana mmoja, Afisa Lutengano, mwenye shahada ya Usimamizi wa Milango. Mwandiko wake ni wa kuku aliyepita kwenye majivu.

*

Kisha akaja Rais wa Nne, aliyepo, ambaye namwombea umri mrefu kuliko subira yetu. Siku ya kuapishwa alisema neno moja tu, na uwanja ukalipuka: "Mwenye nyumba hapigi hodi nyumbani kwake!"

Lilikuwa neno zuri. Hata mimi nilisimama nikapiga makofi, na Somoe, aliyekuwa akisikiliza redio huku anachambua mchele, akanitazama. "Keti, Kitwana," alisema. "Unashangilia kabla hujajua mkia wake uko wapi."

Mkia ulitokea wiki ya pili. Kama mwenyeji hapigi hodi, basi aliyepiga hodi si mwenyeji, na waliopiga hodi wote wamo katika Daftari. Mheshimiwa Lukonge, ambaye sasa alizionea haya sheria zake zote tatu, akatunga ya nne: kila aliyeandikwa katika Daftari la Hodi arudi alikotoka. Mbunge mmoja aliuliza, na asiyeandikwa je? Akajibiwa kwamba asiyeandikwa aliingia bila hodi, na huyo ni mwizi. Mbunge aliyeuliza hajulikani alipo. Daftari lilipofunguliwa, ukurasa wa 212, ambao nakumbuka vizuri una babu za wakubwa fulani, ulikutwa umeliwa na mchwa. Walikuwa mchwa wa kisasa, wameula kwa mstari ulionyooka, kama wana rula.

Tatizo lilikuwa moja. Daftari lilikuwa na watu elfu kumi na moja walioitwa Mimi, na hakuna aliyejua ni akina nani. Ikaundwa Operesheni Tambua. Maafisa walikwenda mtaa kwa mtaa wakiuliza, "Nani hapa ni Mimi?" Watu kwa hofu walijibu, "Mimi siyo!" Wakaandikwa: Mimi Siyo, jina la bandia. Walionyamaza waliandikwa kuwa wanajificha.

Kwetu walifika asubuhi, Afisa Lutengano na askari wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mnakiona cheti?"

"Tumekiona, mzee. Nani anaishi humu?"

"Kitwana bin Mbaruku, Karani Mkuu mstaafu," nikasema, kwa ukamilifu. Kutoka jikoni Somoe akaita, "Kitwana, nani hao?"

"Maafisa, mke wangu."

"Waambie waketi. Mimi nakuna nazi."

Afisa Lutengano alimtazama askari. Askari akaandika: amekiri.

"Subirini kidogo, wanangu," nikasema. "Hilo ni neno la kawaida."

"Ni la kawaida mno, mzee. Ndiyo maana tunalitafuta." Akalifungua Daftari, lile lile langu, akapitisha kidole. "Mstari wa 4,117. Mimi, mwanamke. Mali: mkeka mmoja, mbuzi moja." Akachungulia uani. "Mbuzi yuko wapi? Mmemchinja?"

"Si mbuzi wa kufuga. Ni mbuzi ya kukunia nazi."

Wakaingia jikoni. Somoe alikuwa ameikalia. Afisa akainama, akaitazama mbuzi kwa heshima ya mtu aliyepata ushahidi. Kisha akanigeukia na Daftari mkononi.

"Mwandiko huu ni wa nani, mzee?"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Masomo ya jioni hayakufundisha kunyamaza. "Wangu," nilisema, "na hebu itazame hiyo M."

Somoe aliweka kifuu chini, akapangusa mikono kwa kanga. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

*

Mtu anaruhusiwa kukata rufaa, na nilikata. Usiku kucha nilisoma daftari langu la sarufi, na asubuhi nikasimama mbele ya Kamati ya Asili nikiwa na koti. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Lukonge. Somoe aliwekwa kwenye benchi kati ya askari wawili.

"Waheshimiwa," nikasema, "kuna kosa dogo la kitaalamu. Mimi si jina. Mimi ni kiwakilishi."

"Wewe ni kiwakilishi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Neno mimi. Ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza."

Mheshimiwa Lukonge aliandika taratibu. "Huyo Nafsi wa Kwanza yuko wapi kwa sasa?"

"Hayupo mahali, Mheshimiwa. Yumo ndani ya kila anayesema. Ni nafsi ya kwanza, umoja."

"Umoja?" Kalamu ikasimama. "Umoja huo umesajiliwa?"

"Si chama, Mheshimiwa! Ni umoja wa kisarufi. Kinyume cha wingi."

Kamati ilinong'onezana kwa muda mrefu. Nilimgeukia Somoe nikamkonyeza, kwa sababu niliona wameguswa na elimu. Yeye alikuwa amefumba macho.

Uamuzi ulisomwa kabla ya chakula cha mchana. Kamati ilinishukuru kwa uzalendo wangu. Ilikuwa imejiridhisha kwamba mtuhumiwa Mimi ni mwakilishi wa mtu aitwaye Nafsi wa Kwanza, kiongozi asiye na makazi, wa Umoja ambao haukusajiliwa, na ambao kwa ushahidi wa mtaalamu mwenyewe uko kinyume cha wingi, yaani kinyume cha wananchi walio wengi. Wale Mimi wengine elfu kumi na kitu wakaunganishwa katika shauri hilo hilo, ili kuokoa karatasi.

"Lakini afukuzwe?" nikauliza. "Katiba inakataza!"

Mheshimiwa Lukonge alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani amesema kufukuza? Sisi ni watu wenye mila, Bwana Kitwana. Mgeni hafukuzwi. Mgeni husindikizwa."

Nje Somoe alinishika mkono. "Kesi ilikuwa yangu peke yangu," alisema. "Sasa umewabebesha watu elfu kumi na moja."

"Nilikuwa nasahihisha tu."

"Najua, baba. Ulipata tisini na sita."

*

Walisindikizwa siku ya Jumatano, kwa malori, na bendi ya tarumbeta, na wimbo wa kuagana. Mlangoni wakashushwa mmoja mmoja. Mbuzi ya Somoe ilichelewesha foleni kwa saa nzima, kwani fomu ilidai cheti cha daktari wa mifugo, mpaka askari mmoja mwenye huruma alipoandika kwamba mnyama hana homa. Afisa Lutengano akamwandika Somoe: amesindikizwa. Mlango ukafungwa, watu wawili wakateremsha komeo, na mke wangu akawa nje ya nchi, hatua kumi kutoka niliposimama, tukitazamana waziwazi ubavuni mwa Mlango.

Wenzake walielekea mji wa Subiri; yeye alitandika mkeka. Akaweka mbuzi, akaikalia.

"Kitwana," akaniita, "zunguka hapo basi. Mbuzi wanazunguka."

"Mimi si mbuzi."

Afisa Lutengano aliinua kichwa aliposikia neno mimi. Nikamwomba anifungulie, nikatoka kwa utaratibu. Atokaye haulizwi nani. Nilimpelekea kanga aliyoisahau na nusu mkate. Tulikaa mpaka jua likapungua ukali. Kisha nikasimama, nikafunga vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kubisha. Nitawaeleza upya, na tutarudi wote wawili."

"Kwa sarufi?"

Nikausogelea Mlango wangu kwa upande ambao katika miaka thelathini na mitano sikuwahi kuubisha. Misumari ya shaba ilikuwa ya moto.

"Hodi!"

Kiwiko cha Afisa Lutengano nilikiona ubavuni, kimeegemea meza.

"Hodi!"

Mara ya tatu ndiyo ya mwisho kwa mtu mwenye adabu. "Hodi!"

"Nani?" akauliza, kisha akashusha sauti. "Mzee, nakujua. Wewe hukuandikwa kwenye Daftari. Taja jina lako tu, lile lote refu, nakufungulia sasa hivi. Ila wewe tu. Bibi hapana."

Jina nilikuwa nalo tayari mdomoni: Kitwana bin Mbaruku, Karani Mkuu mstaafu, mwenyeji wa asili, mwenye cheti. Niligeuka. Somoe alikuwa amekaa juu ya mbuzi yake, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza, kama alivyosikiliza kila jioni kutoka jikoni kwa miaka arobaini.

"Nani?" akarudia Afisa.

"Mimi," nikasema.

Nikasikia kalamu inakwaruza, ule mwandiko wa kuku.

"M iwe kubwa," nikamwambia kupitia ubao. "Ni jina."

"Subiri," akasema.

Nikageuka. Somoe hakucheka. Alisogea kwenye mkeka, akapapasa mahali palipobaki, akatamka kwa sauti iliyovuka nyasi na kiwiko cha Afisa, ndani kabisa ya zile mita mia moja:

"Karibu."